Hamira Inajuaje Kwamba Isijaribu Kuzaa Spora? Kisa cha RNA ya Kinyume

Hamira unayotia kwenye unga wa maandazi, kwa jina la kisayansi Saccharomyces cerevisiae, ni kiumbe cha seli moja tu. Haina macho wala ubongo. Lakini kuna uamuzi mmoja ambao ikiukosea, inakufa.

Iko hivi. Seli ya hamira inaweza kuishi na seti moja ya kromosomu, yaani 16, au seti mbili, yaani 32. Njaa ikiingia, hasa naitrojeni ikikosekana, seli yenye seti mbili huingia kwenye meiosisi: inagawa kromosomu zake na kutengeneza spora nne zinazoweza kusubiri mpaka chakula kirudi. Seli yenye seti moja ikijaribu mchezo huo, haina cha kugawa. Kromosomu zinatawanyika ovyo, na habari yake imekwisha.

Sasa, seli inajuaje ina seti ngapi? Kuhesabu haijui.

Jeni moja, safari mbili

Ili meiosisi ianze vizuri, hamira inahitaji jeni iitwayo IME4. Kimeng'enya cha RNA polimerasi huanzia mwanzo wa jeni hiyo, husoma DNA hadi mwisho, na kutoa RNA ya kutengenezea protini. Hayo tumeyasoma sote shuleni.

Ila kwenye mkia wa IME4 kuna swichi nyingine. Ikiwashwa, polimerasi huanzia huko mwisho na kurudi kinyumenyume, ikisoma uzi wa pili wa DNA. RNA inayotoka inaitwa RME2. Haitengenezi protini yoyote. Hii ndiyo RNA ya kinyume, au antisensi.

Fikiria daraja jembamba linalopitisha gari moja tu. Daladala ikitokea ng'ambo, ya upande huu haivuki. RME2 ikiandikwa, IME4 haikamiliki.

Na swichi hiyo inaongozwa na nini? Hamira zina "jinsia" mbili: a na alfa. Seli ya seti moja kwa kawaida ina jinsia moja tu. Ya seti mbili imetokana na a na alfa kuungana, kwa hiyo ina protini za pande zote. Protini a1 na alfa2 zikikutana, zinashikana na kuizima swichi ya RME2. Daraja linabaki wazi, IME4 inasomwa. Kumbe seli haihesabu kromosomu. Inaangalia tu kama wazazi wote wawili wapo!

Ni RNA yenyewe, au ni kule kuandikwa?

Mwaka 2006, Cintia Hongay na wenzake katika maabara ya Gerald Fink, Marekani, walionyesha jambo la kuvutia: RME2 huzima tu ile nakala ya IME4 iliyo kwenye DNA ileile. Nakala iliyo kwenye kromosomu nyingine haiguswi. Kama RNA ingekuwa inaelea na kuikamata RNA mwenzake, umbali usingekuwa tatizo. Kwa hiyo kinachozuia ni kile kitendo cha kuandika, yaani gari lenyewe kuwa darajani. Tena hamira hii ilishapoteza mitambo ya kuzima jeni kwa RNA fupi ambayo mimea na wanyama wanayo.

Usidhani RNA zote za kinyume hufanya hivyo. Kwenye jeni PHO84, RNA ya kinyume ikirundikana, kimeng'enya Hda1 huondoa asetili kwenye histoni, na jeni inanyamaza. Pale hakuna kugongana darajani. Ni mlango unaofungwa.

Nilipokuwa shahada ya kwanza niliamini RNA isiyotoa protini ni takataka tu. Siku hizi nikiiona kwenye data yangu, kabla ya kuifuta najiuliza kwanza: imekaa upande gani, na mbele yake kuna jeni gani? Nawe ukianza kuchambua data zako, anza na swali hilo.