Fundi wa nyumba, waweza kuwa mhandisi wa miundo?

Je, msomaji, wewe ni fundi wa nyumba? Umejenga kuta, umemwaga slabu, hata makontrakta hukutafuta kwa jina. Lakini magoti yameanza kuuma na moyoni wajiuliza: hadi lini nitafuata ramani ya mwingine?

Kutaka kuwa mhandisi wa miundo, yule anayekadiria mzigo wa jengo na kuamua unene wa nguzo, si ndoto ya mchana. Una akiba ambayo kijana aliyetoka shuleni hana. Wajua mahali ambapo vyuma husongamana hadi kokoto zikakataa kupita.

Hata hivyo, usidhani mazoea yatatosha. Chukua mfano wa roshani. Slabu iliyokalia kuta mbili huvutika upande wa chini, ndiyo maana vyuma vyake vikuu hulazwa chini. Roshani iliyochomoza nje bila nguzo huvutika upande wa juu. Fundi akilaza vyuma chini kama alivyozoea, yaweza kukatika na watu wakiwa juu yake. Mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea.

Wakazi wa Nairobi hawajasahau mtaa wa Huruma. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto liliporomoka na kuua zaidi ya watu 40. Kazi unayoitamani, basi, ni amana ya roho za watu.

Uanzie wapi? Kama huna cheti, fanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanza Gredi ya III na kupanda hadi ya I. Huo huthibitisha ustadi wa mikono yako. Kisha tafuta chuo cha ufundi usomee uhandisi wa ujenzi hadi diploma. Ukiwa nayo, waweza kuomba kazi ya kuchora au kusimamia ujenzi chini ya mhandisi.

Lakini diploma haikupi ruhusa ya kutia sahihi michoro. Mhandisi sharti awe na shahada inayotambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kusajiliwa kikamilifu.

Safari ni ndefu. Hisabati na fizikia ulizoziacha shuleni zinakungoja. Mapato yatapungua, kwa hivyo zungumza na mwenzako nyumbani kabla ya kulipa karo, na usiache vibarua vyote kwa siku moja. Usione haya kuketi darasani na vijana wa umri wa mwanao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na hata usipofika mwisho wa safari hiyo, faida ipo. Siku utakapoambiwa upunguze vyuma ili tajiri aokoe pesa, utajua kwa nini ni lazima ukatae.