Fukua Mzizi wa Neno la Kiingereza

Ndugu wanachama, wengi wetu tunasoma Kiswahili bila shida, lakini tukikutana na neno refu la Kiingereza kwenye kopo la dawa ya shamba au kadi ya hospitali, tunaliruka. Kuruka huko kunaweza kutuletea hasara.

Mengi ya maneno hayo yameunganishwa kwa vipande vya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na vya Kigiriki. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliandika vitabu kwa Kilatini, na hata leo majina mengi ya dawa na magonjwa huundwa kwa vipande hivyo. Sisi tunajua kazi hii. Ukijua "lima", basi "mkulima" na "kilimo" havikusumbui. Mzizi ni mmoja.

Kipande cha kuua

"Cide" imetoka kwa neno la Kilatini lenye maana ya kukata au kuua. Kinachouawa hutajwa mwanzoni:

1. "Insecticide" huua wadudu.
2. "Fungicide" huua ukungu.
3. "Herbicide" huua magugu. "Herba" ni majani.
4. "Acaricide" huua kupe, kama ile ya kuogeshea ng'ombe.

"Pesticide" ni jina la jumla la dawa hizi za kuua viharibifu. Sasa fikiria mama anayetaka kuua wadudu kwenye sukuma wiki, kisha anapewa kopo la "herbicide". Sukuma yenyewe ni majani! Shamba zima laweza kukauka.

Juu na chini

Kwa Kigiriki "hyper" ni kupita kiasi, na "hypo" ni chini ya kiasi. "Hypertension" ni shinikizo la damu lililopanda. "Hyperglycaemia" ni sukari nyingi kwenye damu, na "hypoglycaemia" ni sukari iliyoshuka. Mgonjwa aliyeshukiwa na sukari, akiwa bado ana fahamu, anahitaji kitu chenye sukari upesi. Aliyepanda, ukimwongezea unamdhuru. Herufi chache tu, lakini ni maisha ya mtu.

Kabla, baada, dhidi

"Ante" ni kabla na "post" ni baada. Kliniki ya "antenatal" ni ya mama kabla ya kujifungua, "postnatal" ni baada yake. Usichanganye "ante" na "anti", ambayo ni dhidi ya. "Antibiotic" hupigana na bakteria, wala haitibu homa ya mafua, kwa sababu mafua huletwa na virusi.

Tahadhari

Mzizi hukuonyesha njia, haukufikishi nyumbani. "Decide" ina mzizi ule ule wa kukata, lakini hapa hakuna anayeuawa: ni kukata shauri, kama tunavyosema sisi. Tena "in" mara nyingi hukanusha, lakini "inflammable" kwenye mtungi maana yake ni kwamba kitu hicho hushika moto upesi! Kwa hiyo soma maagizo yote, na kipimo cha dawa umwulize daktari au afisa wa kilimo. Usikisie.

Fanyeni hivi kikundini

Kila mkutano, tengeni dakika kumi. Mwanachama mmoja alete neno alilonakili kutoka kwenye kopo au kadi. Makopo ya sumu yasiletwe mkutanoni. Likateni vipande, mwandishi aandike kila mzizi na maana yake kwenye daftari la kikundi. Vijana walioko shule wasaidie kutamka.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwako kuna dawa gani yenye "cide"? Inaua nini?
2. "Homicide" ni neno la mahakamani, na "homo" ni mtu. Je, kesi hiyo ni ya nini?