Je, Wajua? Uyoga wa Mtera na Mkulima Asiyeshika Jembe

Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, inajulikana kwa bwawa lake, umeme na samaki. Ni nchi ya mibuyu na migunga, yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Uyoga unataka unyevu, na huku kwenye ukame una mambo ya kustaajabisha.

Je, wajua kwamba mchwa walianza kulima uyoga kabla ya binadamu?
Mchwa wajenzi wa vichuguu vikubwa hawawezi kuimeng'enya miti na nyasi kavu vizuri peke yao. Huzitafuna, wakazitoa kama kinyesi, kisha wakazijenga kuwa masega chini ya ardhi. Hapo huota kuvu wa jamii ya *Termitomyces*, anayezilainisha hadi zikafaa kuliwa. Kilimo hiki kilianzia Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita.

Je, wajua kwamba uyoga wa kichuguu una mguu mrefu kuliko unavyoonekana?
Mvua ikilowesha ardhi, kuvu huyo hupenyeza shina kutoka kwenye sega hadi juu. Ukiuchimba taratibu badala ya kuukata, utakuta shina jembamba linaloshuka chini sana. Wachumaji hulitumia kama alama mojawapo ya kuutambua.

Je, wajua kwamba uyoga unaoliwa wenye kofia kubwa kuliko wote duniani ni wa jamii hiyohiyo?
Ni *Termitomyces titanicus*, ulioelezwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia. Kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja.

Je, wajua kwamba binadamu bado hajaweza kumwiga mchwa?
Uyoga wa kichuguu haulimwi kibiashara. Unaolimwa sana majumbani Tanzania ni uyoga uitwao mamama, kwa sababu wenyewe hujilisha mabua, pumba na majani makavu ya mgomba bila kuhitaji mchwa.

Je, wajua kwamba mbegu ya mamama hukuzwa juu ya mtama?
Punje za mtama huchemshwa, husafishwa kwa mvuke mkali ndani ya chupa, kisha hupandikizwa kuvu hadi zigeuke nyeupe. Nafaka inayosongwa ugali Dodoma ndiyo inayobeba mbegu.

Je, wajua kwamba shida ya kulima mamama Mtera ni ukavu wa hewa kuliko joto?
Mabua hukatwakatwa, hulowekwa, hupikwa kwa mvuke kwenye pipa ili kuua vimelea, hupozwa, kisha hupangwa kwenye mifuko ya plastiki kwa tabaka pamoja na mbegu. Mifuko hukaa gizani takriban wiki tatu, mpaka utando mweupe uenee. Baada ya hapo hutobolewa na kupewa mwanga kidogo, hewa na unyevu. Huku nyanda kavu, mkulima humwagia maji sakafu ya mchanga na kutundika magunia yaliyolowa. Akizembea siku chache, vichwa vichanga hukauka.

Je, wajua kwamba mamama huwinda?
Porini huota juu ya mbao zinazooza, ambazo zina naitrojeni kidogo. Kwa hiyo nyuzi zake huwalemaza minyoo wadogo sana kwa sumu, kisha huwafyonza.

Je, wajua kwamba ukipanda mlima wa Nyang'oro kuelekea Iringa, uyoga hubadilika?
Kwenye misitu ya miombo, uyoga mwingi huishi kwa ubia na mizizi ya miti: kuvu huipatia maji na madini, mti hulipa sukari. Miombo ikikatwa, uyoga huo nao hutoweka. Kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania, kilichotoka 2003, kimeonyesha jinsi jamii za nchini zinavyoujua.

Je, wajua kwamba ukoo mmoja una kitoweo na muuaji?
*Amanita tanzanica*, ulioitwa kwa jina la nchi yetu mwaka 1994, unaliwa. Ndugu yake *Amanita phalloides* huharibu ini, na kuupika hakuiondoi sumu. Dalili huanza saa 6 hadi 24 baadaye, kisha mgonjwa huweza kuonekana amepona huku ini likizidi kuharibika. Usiamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama: wadudu hula hata wenye sumu. Chuma na anayeujua uyoga wa eneo hilo. Ukiutilia shaka, uache. Anayetapika baada ya kuula awahishwe hospitali, na masalia ya uyoga huo yapelekwe pamoja naye.

Je, wajua kwamba jua la Mtera ni faida kwa mlaji?
Uyoga una kiini ambacho mwanga wa jua hukigeuza kuwa vitamini D, hata baada ya kuchumwa. Na kwa kuwa takriban asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, kuuanika huupunguzia uzito na kuuwezesha kudumu hadi kiangazi. Mkulima asiye na friji auanike juani mavuno yanapozidi soko.