Kwa nini mabirika ya Uingereza yalibeba mihuri ya bandia ya Kichina?

Katika karne ya 18, wafinyanzi wa Staffordshire nchini Uingereza walitengeneza mabirika mekundu ya kahawa na chai, kisha wakayapiga chini mihuri iliyoigiza maandishi ya Kichina. Mingi ya mihuri hiyo haikuwa na maana yoyote. Kisa hicho kina funzo kwa wafinyanzi wa Arua na Koboko, ambao kwa kawaida vyungu vyao havibebi alama ya jina la mtu.

Mabirika hayo yalitoka wapi?

Chai ilipoanza kuwasili Ulaya, meli zilileta pia mabirika mekundu kutoka Yixing, China. Katika miaka ya 1690, ndugu wawili, John Philip na David Elers, waliokuwa wafuaji fedha, waliyaiga huko Staffordshire kwa udongo mwekundu wa mahali hapo. Baada ya katikati ya karne ya 18, wafinyanzi wengine wa eneo hilo waliufufua ufundi huo.

Udongo ulichomwa tanurini kwa zaidi ya nyuzijoto 1,100 za Selsiasi, ukashikamana hata maji yasiweze kupenya. Kwa hiyo chombo hakikuhitaji kupakwa rangi ya kung'aa, na nakshi zake zilionekana wazi.

Nakshi ziliwekwaje?

Kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, vipande vidogo vya udongo vyenye umbo la maua au matawi vilibandikwa ubavuni kabla ya kuchomwa. Ya pili ilienea katika miaka ya 1760, pale mashine ya kukereza, ambayo Josiah Wedgwood alikuwa miongoni mwa walioitumia mapema, ilipochonga mistari ya mawimbi.

Na huku West Nile?

Katika ufinyanzi wa jadi wa kaskazini mwa Uganda, chungu hujengwa kwa mkono. Kamba iliyosokotwa huviringishwa juu ya udongo mbichi, ikaacha safu za alama ndogondogo. Moto wa wazi kwa kawaida haufikii joto la tanuri, hivyo chungu hubaki na vitundu visivyoonekana. Maji hupenya polepole na kukauka nje, na ndiyo sababu mtungi hupoza maji.

Udongo wa aina hiyo pia huvumilia makaa. Nchini Sudan, walikotoka wazee wengi wa Wanubi wa Arua na Koboko waliokuwa askari wa Emin Pasha, kahawa yenye tangawizi huchemshwa katika jabana, birika la udongo lenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Birika la Staffordshire halikuwekwa motoni. Lilikuwa la mezani, la kumiminia kahawa iliyokwisha kuiva.

Funzo ni lipi?

Wafinyanzi wa Staffordshire walikuwa hodari, lakini waliona mnunuzi ataiamini zaidi China kuliko wao. Hivyo majina ya wengi wao yamepotea, na leo si rahisi kujua birika lipi lilitoka kwa nani. Hatari hiyo inavikabili pia vyungu vya West Nile, wakati plastiki na chupa za chai zinachukua nafasi yao. Anayenunua chungu leo bado anaweza kumuuliza mfinyanzi jina, kijiji na asili ya udongo wake, kisha akaandika. Kesho huenda asiwepo wa kuulizwa.