Chombo Kibovu Kazini: Nani Amlipe Aliyeumia?

Mwajiri anayemkabidhi mfanyakazi mashine, ngazi au nyundo ana wajibu wa kuhakikisha kwamba ni salama. Kwa sheria ya Uingereza, ambayo misingi yake mingi ilirithiwa na Kenya na Tanzania, mwajiri hawezi kuukwepa wajibu huo kwa kumtupia meneja au msimamizi lawama.

Utata huja pale kasoro inapokuwa imejificha ndani ya chombo. Katika kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1959, fundi wa kiwanda cha New Merton Board Mills alikuwa akigonga kipande cha chuma kwa nyundo ili kuachanisha sehemu za mashine. Kibanzi kiliruka kikamwingia katika jicho la kushoto, akapofuka jicho hilo. Mtengenezaji alikuwa amekichoma chuma hicho vibaya, kikawa kigumu kupita kiasi na chepesi kumeguka. Kwa macho hakikuonyesha dosari yoyote. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba mwajiri hana kosa, kwa kuwa alikinunua kwa muuzaji wa kuaminika. Fundi alibaki na mzigo wa kumsaka mtengenezaji.

Bunge liliurekebisha msimamo huo kwa sheria ya mwaka 1969. Tangu hapo, kasoro iliyotokana na kosa la mtu mwingine, kama vile mtengenezaji, huhesabiwa pia kuwa uzembe wa mwajiri aliyekitoa chombo. Mfanyakazi humdai mwajiri wake, naye mwajiri ana nafasi ya kumgeukia aliyekosea. Hata hivyo, mdai lazima athibitishe kwamba kasoro ilikuwepo, ilitokana na kosa la mtu, na ndiyo iliyomjeruhi. Akichangia kuumia kwa uzembe wake, fidia hupunguzwa. Maana ya chombo ni pana: baada ya meli Derbyshire kuzama karibu na Japani mwaka 1980 na kuua watu 44, Baraza hilo liliamua kwamba hata meli ni chombo cha kazi.

Afrika Mashariki imefuata njia nyingine. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia za majeraha kazini, na ile ya Tanzania ya mwaka 2008, mfanyakazi hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Inatosha kuonyesha kwamba ajali ilitokana na kazi. Kenya humtaka mwajiri awe na bima. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri wenyewe bila kukata mishahara.

Aliyeumia aitoe taarifa mapema na ahifadhi vyeti vya matibabu. Chombo kilichovunjika kisitupwe wala kutengenezwa kabla ya kukaguliwa, kwa sababu hicho ndicho ushahidi wa kwanza wa kasoro.