Mwandike Mbu, Utajikuta Mwenyewe

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za mwanamke wa Ujapani aliyeishi miaka elfu moja hivi iliyopita. Jina lake Sei Shōnagon, na kazi yake ilikuwa kumhudumia malkia Teishi, katika mji ambao leo unaitwa Kyoto. Malkia aliletewa karatasi nyingi, na karatasi zama zile ilikuwa mali, si kitu cha kufungia maandazi. Zikaishia mikononi mwa Sei.

Akaandika nini? Ya kasri aliyaandika, naam, lakini mimi napenda orodha zake. Mambo yanayokera: mgeni anayepiga soga nawe una haraka, mbu anayekulilia usoni usingizi ukianza kukuchukua. Mambo yanayopendeza: kinda wa shomoro anayekujia akirukaruka ukimwigizia sauti ya panya.

Hakuhitaji kutuambia kwamba ana jicho kali na subira fupi. Ukisoma orodha tu, umeshamjua.

Basi chukua daftari. Andika mambo saba yanayokuudhi, kila moja liwe la kuonekana au kusikika. "Dhuluma" hairuhusiwi. "Kaka anayemaliza nyama kisha anasema alidhani tumeshakula" inaruhusiwa, tena sana! Ukimaliza, pitia orodha ukitafuta yanayofanana. Mmoja atagundua kinachomchosha ni kelele. Mwingine, kwamba kila jambo aliloandika ni mtu asiyemsikiliza. Hapo ndipo penye kazi, usiparuke.

Pengine una jambo zito lisilokaa kwenye orodha. Liandikie barua. Mnamo tarehe 12 Juni 1942, huko Amsterdam, msichana Anne Frank alitimiza miaka 13, akapata daftari. Wiki chache baadaye yeye na familia yake, Wayahudi, wakajificha kuwakwepa Wanazi. Mafichoni, kwa zaidi ya miaka miwili, aliendelea kuandika, na mengi aliyaandika kama barua kwa Kitty, rafiki wa kubuni.

Nawe mbuni wako, umpe jina. Msimulie jambo moja la leo, ukikumbuka kwamba hajafika kwenu hata siku moja. Itabidi umweleze kwa nini kiti cha babu hakikaliwi, na kwa nini mama akinyamaza nyumba nzima inanyamaza. Mambo uliyoyazoea mpaka huyaoni tena, utayaona ukimweleza mgeni.

Zoezi la mwisho ni la kucheka. Wapo walimu wanaopenda kuwaambia watoto wajitazame kwenye kioo na kuandika. Mimi kioo sikipendi. Kinajua sura tu. Viachie viatu vyako vikusimulie: vinajua ulipokimbilia, na njia unayozunguka ili usikutane na fulani. Vipe dakika kumi, usisimame kusahihisha tahajia. Zaidi ya hapo usivipe, maana viatu vikizoea kusikilizwa huanza kujisifu.