Geji za ziada kwenye gari la spoti: zinasema nini ambacho dashibodi haisemi?

Mbio za Safari Rally zinapofanyika Naivasha, nchini Kenya, barabara ya kutoka Nairobi hujaa Subaru Impreza. Ndani ya baadhi yake, juu ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, utaona geji ndogo za mviringo zilizoongezwa na wenye magari. Wapo wanaozichukulia kuwa pambo. Lakini kwa injini yenye turbo, iliyokwisha kutumika miaka kadhaa Japani kabla ya kushushwa Mombasa, geji sahihi inaweza kumwokoa mwenye gari na gharama ya injini nzima.

Kwani dashibodi ya kiwandani ina kasoro gani?

Tuanze na taa nyekundu yenye picha ya birika la oili. Taa hiyo haipimi chochote. Nyuma yake kuna swichi tu. Mara nyingi huwaka presha ikiwa imeshuka chini ya nusu baa. Sasa fikiria injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, ambayo kwa hesabu ya kawaida ya mafundi inahitaji takriban baa 4. Presha ikianguka hadi baa 1 kwenye kona kali, taa itabaki imezima huku beringi za kranki zikisagana chuma kwa chuma. Itakapowaka, fundi hana la kuokoa.

Hata mshale si wa kuaminiwa sana. Mazda MX-5 za mwanzo zilikuwa na geji halisi ya presha ya oili. Kuanzia modeli za 1995 mshale uliachwa palepale, ila nyuma yake ikawekwa swichi: presha ikiwepo kidogo tu, mshale unasimama katikati na kutulia. Geji ya joto la maji nayo, katika magari mengi, hutengenezwa isicheze kati ya nyuzi 80 na 100 hivi, ili dereva asiingiwe na hofu bure. Kwa anayekwenda sokoni ni sawa. Kwa anayeisukuma injini hadi mwisho, utulivu huo ni hatari.

Ndiyo maana, kwa maoni yetu, geji ya kwanza iwe ya presha ya oili, kisha ya joto la oili. Wengi huanza na ya presha ya turbo kwa sababu mshale wake unapendeza kuutazama, lakini hiyo husema gari lina nguvu kiasi gani, si kama liko salama. Ya tatu, kwa wenye turbo, ni sensa ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Petroli ya daraja la juu nchini Japani ina oktani karibu 100; ya kawaida katika vituo vyetu haifiki hapo, na injini iliyopangwa kwa mafuta yale inaweza kugonga na kutoboa pistoni. Sensa hii hufungwa kwenye bomba la moshi baada ya turbo, ikielekea juu, ili maji yanayoganda ndani ya bomba yasiipasue.

Ufungaji ndipo pesa nyingi hupotea. Injini za Kijapani hutumia nyuzi za skrubu za BSPT, meno 28 kwa inchi, wakati sensa nyingi za dukani zina nyuzi za NPT, meno 27. Zinakaribiana kiasi kwamba sensa huanza kuingia vizuri. Fundi akikaza kwa nguvu, bloku ya aluminiamu hupasuka. Adapta ndogo humaliza tatizo. Tena, sensa nzito isining'inizwe moja kwa moja kwenye injini, kwa kuwa mtikisiko utaikata na oili yote itamwagika. Iunganishwe kwa mpira wa presha na kufungwa kwenye bodi, na ikiwa ni ya waya mmoja, ipewe waya wake wa ethi. Geji zinazoingiza bomba la oili ya moto hadi ndani ya gari ni za kuepuka kabisa, hata kama zinauzwa kwa bei ya chini.

Baada ya hapo, endesha wiki moja ukiandika namba: asubuhi injini ikiwa baridi, kwenye foleni, mlimani. Namba hizo ndizo kipimo cha gari lako, na presha ikianza kupungua katika joto lilelile, zima injini kwanza, uliza maswali baadaye.